Dakika Kumi za Dokta Lea

...na bado hayachemki, nimeyakodolea macho tangu Jailos alipopiga honi ya kwanza na bado, vipovu vidogo tu vimeng'ang'ania kwenye ukingo wa sufuria, na hivyo havihesabiki, Mama alisema havihesabiki, maji ya vifaa yanaanza kuhesabiwa dakika yakishapinduka katikati, siyo kabla, ukihesabu kabla unamwibia mgonjwa, haya, simwibii mgonjwa, nimesimama hapa chumba cha nyuma cha zahanati, Igawa, Jumapili saa tatu na nusu asubuhi, glavu zimo majini zimefungwa kwenye shashi, sindano imo, mkasi umo, jiko linakohoa kwa sababu mafuta ya taa yenyewe ni ya kubahatisha, na Mama anazikwa leo saa tisa, kwetu Kalenga, ng'ambo ya Iringa, na lori la kunipeleka linanguruma hapo nje, na mimi naangalia maji. Honi tena. Nimekusikia, Jailos, Igawa nzima imekusikia, hadi wauza mchele wa kando ya barabara wamekusikia, na siyo mtu mbaya Jailos, ana magunia sitini ya kupeleka Iringa, angekuwa ameshafika Makambako saa hizi, amenisubiri kwa sababu alfajiri nilimwambia mimi mwenyewe nakuja, kuna mama mmoja tu nimalizane naye, na ilionekana hivyo kweli, Nyamizi aliletwa na mkokoteni wa ng'ombe kutoka huko bondeni, mume wake Masunga anatembea mbele na fimbo, mama mkwe wake, Bibi Kashindye, amekaa nyuma amempakata kichwa, na saa moja mtoto akatoka vizuri, wa kiume, analia kwa hasira, Bibi Kashindye akasema palepale huyu ni Kulwa, maana tumboni yumo mwingine, kwa Wasukuma pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, hilo halina kikao, basi tangu saa moja tunamsubiri Doto, na Doto amelala kingamo, kichwa kulia, miguu kushoto, uchungu umekatika, na mganga wetu yuko semina Mbeya na Landrova anayo yeye, anarudi kesho, kila kitu katika nchi hii kinarudi kesho. Jailos alisema mpakie juu ya mchele tumshushe hospitali, hospitali ipi, ya karibu iko upande wa Mbeya na yeye anakwenda Iringa, halafu mtoto wa kingamo hapandishwi juu ya magunia, ukitangulia kutoka mkono hapo barabarani nimekwisha, yaani amekwisha yeye, Nyamizi, siyo mimi, mbona nasema mimi.

Na haya mambo ya Jumapili, tangu mafuta yaadimike gari halitakiwi barabarani Jumapili baada ya saa nane, polisi wakikukuta unalala hapohapo na mchele wako, kwa hiyo tukiondoka sasa hivi tunaingia Iringa saa nane kasoro, baiskeli ya kunifikisha Kalenga sitaikosa, tukiondoka saa nne na nusu tunalala Mafinga, mimi Mafinga na Mama kaburini, na kwetu udongo wa kwanza ni wa mtoto wa kwanza, mtoto wa kwanza ni mimi, hakuna mwingine, Didas mdogo wangu ni wa pili, baba atasema tumsubiri Tekla kidogo, watasubiri, wazee watatazama jua, mchungaji atakohoa, nawajua, nimewahi kusimama pale. "Nesi," Bibi Kashindye anaita kutoka kitandani kwa Nyamizi, "Doto amelala, tumwamshe?" Asubiri, Bibi, nasema, asubiri maji, na yeye anacheka kidogo, anasema huyu atakuwa mvivu, Kulwa ndiye atachunga ng'ombe, na ninataka kumpigia kelele, kuna kitu gani cha kucheka hapa, lakini hajui, hakuna aliyemwambia, Sekela peke yake anajua, Sekela mhudumu wetu, ndiye amembeba Kulwa pale mlangoni na ndiye aliyeniletea habari yenyewe, jana mchana, anakimbia na redio kifuani, Sista wamekutaja, nikacheka, nani anitaje mimi redioni, kumbe matangazo ya vifo, na tangazo limeshapita, Sekela akanisimulia vile alivyoshika, Mwalimu Danieli wa Kalenga, Iringa, anasikitika kutangaza kifo cha mke wake Dokta Lea kilichotokea Mbeya, mazishi Jumapili saa tisa, habari zimfikie binti yake Tekla aliyeko Igawa, halafu majina mengine, mengi, Sekela hakuyashika, nikakaa na redio mapajani mpaka jioni ili nisikie mwenyewe wakirudia, na betri zikaisha, betri, katikati ya bei za mazao, hata kifo cha mama yangu nimekipata kwa mdomo wa mtu. Na gari lililomleta kutoka Mbeya lilipita hapa, barabara ni moja, halina njia nyingine, litakuwa lilipita Ijumaa, hapo mbele, hatua hamsini kutoka kitanda changu, na Ijumaa mimi nilikuwa bondeni nachanja watoto. Amenipita nikiwa kazini. Angecheka huyo mwanamke, wallahi angecheka.

Hii yote ni kazi yake. Mimi nilisema sitagusa mgonjwa maisha yangu, nilisema nitakuwa karani wa posta, posta inafungwa, watu wanatia kofuli wanakwenda kwao kula, na tazama nilipo. Nilikuwa na miaka mitano alipokwenda Dar es Salaam kusomea udaktari, alikuwa nesi tayari, ana mume, ana mimi, ana Didas anayenyonya, akasema nesi haitoshi, akatuacha kwa Bibi huko Kalenga, amerudi nina miaka kumi, mwanamke mwembamba na koti jeupe kwenye mkoba, Bibi ananisukuma mgongoni msalimie mama yako, nikamwamkia shikamoo kama mgeni wa padri, na yeye akanitazama macho kwanza, akanivuta kope chini kuangalia damu, ndiyo salamu yake ya kwanza, kope, kisha akanipa mdoli. Mdoli wa plastiki, anafumba macho ukimlaza, Kalenga nzima ilikuja kumwona mdoli yule. Nilikaa naye miezi minane. Tukahamia Mbeya, nyumba za serikali, baridi ile, na siku moja natoka shule simwoni mdoli, natafuta, nalia, namtuhumu Didas, nampiga Didas, kumbe Mama kampeleka hospitali, kamtia kwenye mfuko wa unga, anafundishia manesi kumtoa mtoto wa kingamo. Nilimfuata hukohuko na sare ya shule. Manesi sita wamezunguka meza, mmoja kaingiza mkono kwenye mfuko amefumba macho, na Mama anasema usitafute mkono, tafuta mguu, utajuaje ni mguu, mguu una kisigino, mkono hauna kisigino, shika kisigino halafu tulia, usivute kwa hofu, vuta kwa subira. Akaniona mlangoni. Akasema mwanangu, dakika kumi, nakuja na mdoli wako. Nilikaa kwenye benchi mpaka yule anayefagia akafagia chini ya miguu yangu, na mdoli nilimpata baada ya wiki, goti limelegea, macho hayafumbi tena, na Mama akaniambia, amesaidia watu, kama vile mtoto wa miaka kumi na moja anataka mdoli wake asaidie watu.

Dakika kumi, dakika kumi, hilo ndilo jina nililokuwa namwita na Didas tukiwa wawili, Mama Dakika Kumi, chakula mezani kinapoa, baba anasema nendeni mkamwite, tunakwenda, anachungulia dirisha la wodi na barakoa shingoni, dakika kumi wanangu, na kila mara tunaamini, hapana, Didas aliamini, mimi niliacha kuamini Saba Saba ya mwaka sabini, alisema tutakwenda uwanjani wote, nikashonewa gauni la njano lenye mfuko, nikakaa barazani tangu saa tatu nimevaa soksi, ngoma zinasikika hadi kwetu, saa sita, saa nane, natumwa hospitali, dakika kumi mwanangu, narudi, nakwenda tena, dakika kumi, watu wakaanza kurudi kutoka uwanjani na miwa yao na mimi bado nina soksi, na alipofika akanichukua mapajani na gauni lote, ananuka Dettol, akalala. Amelala ameketi, mdomo wazi, na mimi mapajani mwake nina miaka kumi na miwili, naogopa kupumua nisimwamshe, na nimekasirika hadi machozi yanatoka, vyote viwili pamoja, hata leo sijui nilikuwa nataka aamke au asiamke. Honi. Jailos, nakuomba. Sekela anasema amewasha taa za mbele, Sista, mchana huu, ndiyo dalili ya kukata tamaa. Na maji haya. Nimefunika, nimefunua, kufunua ndiko kunakochelewesha, najua, nafunika.

Na leo watasimama pale mmoja mmoja, Dokta Lea alinizalisha, Dokta Lea alimtoa mwanangu kifaduro, Dokta Lea alinipasua jipu nikapona, na wanasema kweli, hilo ndilo linaloudhi, ningefurahi wangekuwa waongo, ningesimama nikasema huyu mwongo, lakini nenda popote, Tukuyu, Chunya, hapa bondeni, Bibi Kashindye huyuhuyu alfajiri ameniuliza unamjua Dokta Lea wa Mbeya, alimtibu mume wangu, mkono wake mwepesi, nikasema namjua. Basi. Namjua, ndilo jibu nililotoa, sikusema ni mama yangu, sikusema anazikwa leo, kwa sababu angesema nenda mwanangu, nenda, na mimi nikienda Doto anakufa, au angesema kumbe wewe ni binti yake, na macho yake yangeng'aa, na ningemchukia, bibi wa watu hana kosa.

Mwaka sabini na tatu nilikuwa shule ya bweni Iringa, hakuja siku ya wazazi, hakuja kipaimara changu, au alikuja, alifika sahani zinaoshwa, halafu Jumamosi moja tu, siyo siku ya wageni wala nini, matroni ananiita, kuna mama yako getini, natoka, kweli ni yeye, vumbi hadi kwenye nyusi, amebeba mayai ya kuchemsha sita kwenye leso na kofia ya sufu, anamsalimu matroni kwa Kihehe, kamwene, kwa adabu zote, ananivuta kope, anapima mgongo wa mkono shingoni kwangu, unakula, unalala, hedhi inakuja vizuri, mbele ya wenzangu, nikataka ardhi ipasuke, halafu akatazama barabarani akasema lori linageuza, mwanangu, nina dakika kumi. Nikamwambia basi ungebaki nazo hukohuko Mbeya. Nilisema hivyo. Sikula mayai, niliwapa wenzangu. Na leo mimi ndiye nimesimama hapa napiga hesabu ya barabara hii, Igawa hadi Iringa mwendo wa saa nne na zaidi, Mbeya ni nusu ya hizo tena juu yake, na wakati ule lami haijaisha, vumbi, mchepuko, mchepuko, kwa hiyo siku nzima juu ya lori, na siku nzima kurudi, siku mbili za mtu ambaye hana siku, kwa mayai sita na dakika kumi, na zile zilikuwa dakika kumi za kweli, alizimaliza zote, alisimama nami getini hadi ya mwisho, na mimi nilizipoteza kwa kununa, nilikuwa nahesabu alizoninyima, hizo alizonipa sikuzihesabu. Yamechemka? Hayajachemka.

Lakini Bibi. Ya Bibi sikumsamehe Mama. Mambo mengine sawa, gauni sawa, mdoli sawa, lakini Bibi ni mama yake mzazi, ndiye aliyetulea yeye akisoma, amekufa sabini na nne wakati wa kuvuna mahindi, simu ikapigwa Mbeya, Mama akajibu anakuja, na tukasubiri, Kalenga nzima imekaa chini, jeneza liko juu ya miti miwili tayari kushushwa, wazee wanatazama jua, baba anatoka hadi barabarani anarudi, anasema tumsubiri kidogo, mchungaji anakohoa, jua likagusa kilima, na mjomba Yotamu akachota udongo kwa niaba ya dada yake, naukumbuka mlio wake juu ya mbao, mkavu. Mama alifika kesho yake. Alikuwa na mwanamke mezani, alisema, tumbo liko wazi, nilidhani nitamaliza kwa wakati. Hakulia. Alinawa mikono kwenye beseni uani, ananawa vile anavyonawa hospitali, hadi kwenye viwiko, anarudia, anarudia, na mimi nina miaka kumi na sita, nimesimama na taulo, badala ya kumpa taulo nikamwambia, na wewe siku yako nitakuja nikipata dakika kumi. Akachukua taulo mwenyewe mkononi mwangu, akajifuta kidole kimoja kimoja, akasema sawa, mwanangu. Sawa. Angenipiga kofi tungekuwa tumemaliza, kofi linaisha, hii sawa yake nimekaa nayo miaka mitano, nikaenda kusomea ukunga bila kumwambia kwa nini, alipoona cheti akanivuta kope. Na sasa yametimia, maneno yangu yametimia herufi kwa herufi, na ni mimi mwenyewe ninayeyatimiza, sufuria mbele yangu, nani aliniroga ulimi siku ile.

Mlango unafunguka kidogo, ni Jailos, kofia mkononi, hatazami upande wa kitanda, anatazama dari. "Sista, pole sana. Lakini niambie basi, nisubiri au niende?" Na jibu ninalo, hesabu nimeshaipiga, dakika kumi za maji, nusu saa ya kuingiza mkono na kumtafuta Doto kama Doto ana huruma, kisha kondo la nyuma, kisha saa nzima ya kumkalia Nyamizi naangalia damu, mama wa mapacha humwachi ukaondoka, hiyo ni saa tano na kitu, kisha Mafinga, kisha polisi, hesabu ya darasa la tatu hii, nafungua mdomo nimwambie nenda, Jailos, nenda na mchele wako, ukimwona mtu wa Kalenga mwambie wasinisubiri, Didas achote udongo, na nasikia sauti inasema, "Dakika kumi, Jailos. Dakika kumi tu, nakuja." Ni sauti yangu. Nimeisema mimi, nimenawa hadi viwikoni, mikono nimeiinua juu inachuruzika maji, na Jailos ananitazama, nayajua macho hayo, ni yangu kwenye dirisha la wodi, anajua kuwa siendi, Sekela anajua, Bibi Kashindye asiyejua chochote anajua, wote wanajua isipokuwa mimi niliyesema, kwa sababu sikumdanganya, nilipofungua mdomo niliona kabisa, Doto ameshatoka, Nyamizi anakunywa uji, mimi niko juu ya magunia na upepo wa Makambako usoni, nafika, wamenisubiri, nachota udongo, yote niliyaona na yote yalienea ndani ya dakika kumi, nimeamini kwa moyo wangu wote, mimi ninayejua hesabu. Basi na yeye aliamini. Kwenye dirisha la wodi aliamini, gauni la njano aliliona, soksi aliziona, ngoma alizisikia, mwanamke mezani tumbo liko wazi na yeye ameshafika Kalenga, ameshachota udongo wa mama yake, alikuwa ananiambia kweli yote aliyokuwa nayo. Alikuwa anakuja. Kila mara alikuwa anakuja.

Jailos amevaa kofia, anauvuta mlango taratibu, na injini bado inanguruma, sijui anasubiri au anajipa moyo, na kifuniko cha sufuria kinaanza kugonga, nakiinua kwa kiwiko, maji yanapinduka katikati, yanapinduka kweli, glavu zinapanda na kushuka, mguu una kisigino, mkono hauna kisigino. Sekela, nasema, tazama saa, anza kuhesabu. Anamhamishia Kulwa bega la pili, anasogeza mkono wenye saa karibu na dirisha. Nimeanza, Sista, anasema.